Kutoka Kizimba cha Panya hadi Kihenge cha Kijijini: Mwongozo Kamili wa Utafiti wa Tiba kwa Anayeanzia Dodoma

Mwanafunzi wa uzamili akinijia na wazo la utafiti, mara nyingi swali lake la kwanza huwa, "Mwalimu, nitumie panya wangapi?" Namuuliza, panya wa nini? Hapo kimya kinatanda. Idadi ya panya ni hesabu ya dakika kumi. Panya wa nini ni kazi ya mwezi mzima, na ndiyo itakayoamua kama jasho lako litamfaa mtu wa Chemba au litaishia kabatini na jalada jekundu.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuanza na mnyama na kufika kwa binadamu akiwa hapa hapa Dodoma. Nitashika mfano mmoja: sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga. Mwaka 2016 ugonjwa wa ini uliotokana na sumu hiyo ulizuka Dodoma na Manyara, wilaya za Chemba na Kondoa zikiwamo. Watu 68 waliugua na 20 wakafariki. Chanzo kilikuwa mahindi ya nyumbani, yale yale ya ugali wa kila siku. Kwa hiyo hatuzungumzii jambo la vitabuni.

Hatua ya 1: Andika swali kwa sentensi moja, kisha jiulize kama linamhitaji mnyama

Si kila swali la tiba linapitia kizimbani. Mfano ni wilaya ya Kongwa, hapa hapa Dodoma, walikofanyia utafiti wa trakoma, ugonjwa wa macho, uliochapishwa mwaka 1995. Vijiji sita vilipewa dawa ya macho ya tetrasaiklini. Vitatu kati yake, vilivyopatikana kwa bahati nasibu, vikaongezewa kampeni ya kuwanawisha watoto uso. Trakoma kali ikapungua zaidi kwa watoto wa vijiji vilivyohimizwa kunawa. Hakuna sungura aliyenawishwa uso ili tujue hilo, na hakukuwa na haja.

Mnyama anahitajika pale ambapo kumuuliza binadamu ni hatari au ni haramu. Huwezi kumlisha mtu sumukuvu ili uone ini lake linavyoharibika. Huwezi pia kukata kipande cha ini cha mtu mzima wa afya kila wiki. Ukiweza kupata jibu kwa seli za maabara, kwa kumbukumbu za hospitali au kwa mkojo wa watu ambao tayari wanakula mahindi hayo, mwache panya apumzike. Russell na Burch waliyasema haya mwaka 1959 kwa maneno matatu ambayo kamati yoyote ya maadili itakuuliza: badilisha, punguza, boresha. Badilisha mnyama kwa njia nyingine inapowezekana, punguza idadi, boresha hali yake ili asiteseke bure. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na panya wa maabara hajaachwa nje ya mlango wake.

Hatua ya 2: Mchague mnyama kwa ini lake

Kiswahili kinawaita wote panya, na hapo pana mtego. Nitamwita "panya mdogo" yule mweupe wa gramu 20 hadi 30, na "panya mkubwa" yule wa gramu 200 na zaidi. Wengi huchagua kwa bei au kwa sababu banda la chuo linao tayari. Kwa sumukuvu, kosa hilo linaua utafiti wote.

Sumukuvu yenyewe iligunduliwa kwa msaada wa ndege. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa ambao haukujulikana, hadi ilipobainika kwamba walilishwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Vifaranga vya bata mzinga na vya bata hufa kwa kiasi kidogo mno cha sumu hii. Panya mkubwa hupata saratani ya ini. Panya mdogo aliyekomaa huila na kuendelea na shughuli zake. Kisa ni kimeng'enya kilichomo kwenye ini lake, ambacho huidaka sumu iliyokwisha kugeuka kali kabla haijagusa vinasaba. Binadamu hatuna kinga hiyo kwa nguvu hiyo.

Sasa fikiria mtu anayetaka kujaribu kama mzizi fulani unakinga ini dhidi ya sumukuvu, naye amechukua panya wadogo waliokomaa. Ini halitaharibika, na ini lisipoharibika hakuna cha kukinga. Atamaliza bajeti, ataandika kwamba "hapakuwa na tofauti", na mzizi wa watu utahukumiwa bila kosa.

Kuna pia maswali ambayo panya hawezi kuyajibu hata umbembeleze. Sumukuvu ikikutana na homa ya ini B mwilini, hatari ya saratani ya ini huongezeka mara nyingi kuliko kila moja peke yake. Tulilijua hilo kwa kufuatilia watu wa Shanghai, kwa kuwa kirusi cha homa ya ini B hakimwambukizi panya wa kawaida. Hiyo ndiyo maana ya kuliandika swali kwanza: linakuonyesha mlango gani umefungwa.

Hatua ya 3: Vibali

Hapa nitakwenda haraka, maana fomu zenyewe zinajieleza. Anza na kamati ya maadili ya taasisi yako. Utafiti wa binadamu unapelekwa pia kwenye kamati ya taifa ya maadili iliyo chini ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Ukijaribu dawa kwa watu, utahitaji idhini ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mtafiti kutoka nje ya nchi lazima apate kibali cha COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Taarifa za wagonjwa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo faili la Excel lenye majina na majibu ya homa ya ini halitumwi kwenye kundi la WhatsApp, hata kama ni la "timu tu". Jaribio la dawa lisajiliwe kwenye daftari la umma, kama lile la Afrika lililoko Cape Town, kabla mshiriki wa kwanza hajaingia. Baada ya hapo, jipe miezi.

Hatua ya 4: Tayarisha banda, na kishuku kila unachokiingiza

Panya mkubwa hustarehe kwenye nyuzi joto 20 hadi 24, saa 12 za mwanga na 12 za giza. Dodoma mwezi wa Oktoba bati linapika. Weka kipimajoto kinachorekodi joto la juu na la chini la kila siku, kisha uandike. Vumbi la kiangazi linaingia hata kwenye dirisha lenye wavu. Maranda ya mbao yabadilishwe mara kwa mara, la sivyo harufu ya mkojo itawaumiza mapafu, nawe utadhani ni athari ya dawa. Wape angalau wiki moja wazoee banda kabla hujawagusa kwa lolote.

Maji nayo yana neno. Sehemu nyingi za mkoa huu zinakunywa maji ya visima yenye chumvi. Ukichunguza figo au shinikizo la damu, pima maji unayowapa, kisha uwape yale yale kuanzia mwanzo hadi mwisho. Usianze na ya bomba ukamaliza na ya dumu la toroli.

Lakini kilichoniumiza mimi ni chakula. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa msaidizi kwenye utafiti wa namna hii. Chakula cha panya tulikichanganya wenyewe: pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa kidogo, chumvi na madini. Pumba tulinunua mashineni, gunia zuri, kavu, bei nafuu. Wiki ya nane tulipochinja, maini ya kundi lisilopewa sumu yalikuwa na madoa na mafuta kama ya kundi lililopewa. Tulilaumiana kwanza: nani amechanganya vizimba? Hakuna aliyechanganya. Siku tulipopima pumba, sumukuvu ilikuwamo. Tulikuwa tumewalisha wote sumu, ila nusu yao tuliwalisha bila kujua. Miezi mitano, na bajeti ya mtu, vikaenda na gunia la pumba.

Tangu hapo nina amri moja ambayo siibadilishi: kila gunia la pumba, karanga au mashudu linapimwa sumukuvu kabla ya kuingia bandani, na sampuli yake inabaki kwenye friza hadi andiko lichapishwe. Usichote mahali pamoja. Ukungu haukai sawasawa. Kiganja kimoja kinaweza kuwa safi na cha pili kimejaa sumu. Choma gunia juu, katikati na chini, changanya, saga, ndipo upime. Ikiwa unafanya utafiti wa kisukari au wa malaria na unadhani haya hayakuhusu, kumbuka ini la panya wako linakula pumba hizo hizo.

Hatua ya 5: Idadi, na kwa nini kizimba ni kijiji

Njia bora ya kupata idadi ni kukokotoa kutokana na tofauti unayotarajia na mtawanyiko wa kipimo chako. Usipokuwa na takwimu za awali, kuna njia ya mkato: chukua jumla ya wanyama, toa idadi ya makundi, jibu liwe kati ya 10 na 20. Makundi manne ya panya sita ni 24. Toa 4, unabaki na 20. Umefika.

Au hujafika. Kama sumu umeichanganya kwenye chakula na kila kizimba kina panya watatu wanaokula bakuli moja, basi uliowagawa ni vizimba, si panya. Una vizimba 8 kwa makundi 4, na hesabu inakupa 4. Hiyo haitoshi. Dawa yake ni ama kuongeza vizimba, ama kumpa kila panya kipimo chake kwa mrija mdomoni, hapo kila mmoja anahesabika peke yake.

Shika vizuri jambo hili, kwa sababu litakufuata hadi Kondoa. Watu wanaokula kutoka kihenge kimoja ni sawa na panya wa bakuli moja.

Kuwagawa kwenye makundi kufanywe kwa namba za bahati nasibu. Usimkamate wa kwanza anayekuja karibu: anayekuja karibu ni mzembe au mgonjwa, naye ataingia kundi la kwanza kila mara. Atakayesoma vipande vya ini kwenye hadubini asijue kipande kimetoka kundi gani. Mpe namba tu.

Hatua ya 6: Mikono juu ya mnyama

Kipimo cha mdomoni kisizidi mililita 10 kwa kilo. Panya wa gramu 200 hapati zaidi ya mililita 2. Mrija uwe na ncha ya duara, nawe uingie polepole. Ukigonga ukuta, toa uanze upya. Panya akikohoa au kutoa povu, umeingia mapafuni, na hakuna takwimu itakayomrudisha.

Damu: panya wa gramu 200 ana takribani mililita 13 mwilini. Usichukue zaidi ya sehemu moja ya kumi kwa mara moja, yaani mililita 1.3. Mpime uzito angalau mara mbili kwa wiki, ndio kipimo rahisi na cha kweli kuliko vyote. Aliyepungua kwa asilimia 20, anayejikunyata, manyoya yamesimama, asiyekula, asiyeona raha kusogea: muondoe kwa njia isiyo na maumivu siku hiyo hiyo, hata kama ratiba inasema Ijumaa. Vigezo hivyo viandikwe kwenye itifaki kabla ya kuanza, maana katikati ya kazi moyo wa mtafiti hupenda kusubiri.

Nawe jilinde. Sumukuvu safi ni unga mwepesi unaosababisha saratani. Glavu, barakoa, koti, na vyombo vilowekwe kwenye dawa ya klorini kabla ya kuoshwa. Chai hainywewi humo. Ndiyo, nakuona.

Hatua ya 7: Kuvuka kutoka kwa panya kwenda kwa mtu

Kosa la kawaida ni kuzidisha kwa uzito. Miligramu 200 kwa kilo zimefanya kazi kwa panya mkubwa, basi mtu wa kilo 60 ale gramu 12! La. Mwili mdogo huchoma vitu kwa kasi zaidi, ndiyo maana tunalinganisha kwa eneo la ngozi: zidisha kipimo cha panya mkubwa kwa 6, gawa kwa 37. Miligramu 200 zinakuwa takribani 32 kwa kilo, karibu gramu 1.9 kwa mtu wa kilo 60. Hicho si kipimo cha kuanzia bado. Gawa tena kwa 10, kwa usalama: unaanza na miligramu 195 hivi. Kwa panya mdogo, badala ya 6 weka 3.

Hesabu hii ni ya kitu kinachoingia kwenye damu. Kisichoingia kina hesabu yake, na hapa kuna safari ninayoipenda sana. Watafiti wa Texas waliona kuwa aina fulani ya udongo wa mfinyanzi, ukichanganywa kwenye chakula cha kuku, unainasa sumukuvu tumboni na kutoka nayo. Wakaenda kwa wanyama wengine, nguruwe wakiwamo, kisha kwa panya ili kupima usalama wa muda mrefu. Ndipo wakawapa watu wa afya huko Texas vidonge vya udongo kwa wiki mbili, swali likiwa moja tu: unadhuru? Baada ya hapo wakaenda Ghana, kwa watu ambao tayari wanakula sumukuvu kwenye mahindi na karanga zao. Huko waliwagawa makundi matatu: gramu 3 kwa siku, gramu 1.5, na kidonge bandia, kwa miezi mitatu. Alama ya sumukuvu kwenye mkojo ikashuka kwa waliomeza udongo.

Angalia hawakuruka hatua, na kila hatua ilikuwa na swali lake. Hatua ya kwanza kwa binadamu huuliza usalama, kwa watu makumi machache. Ya pili huuliza kama kuna dalili ya kufanya kazi, na kwa kipimo kipi. Ya tatu huuliza, kwa mamia au maelfu, kama inashinda kilichopo. (Na tafadhali, asitoke mtu hapa akamwambia mjamzito aendelee na udongo wa sokoni. Ule wa utafiti ulisafishwa na kupimwa madini mazito. Wa sokoni haujapimwa na yeyote.)

Hatua ya 8: Kijijini

Barua ya Katibu Tawala wa Mkoa, kisha Mkurugenzi wa Halmashauri, Mganga Mkuu wa Wilaya, Mtendaji wa Kata, Mtendaji na Mwenyekiti wa Kijiji. Usipite juu ya balozi wa nyumba kumi. Barua ya mkoa inakufungulia ofisi. Balozi ndiye anayekufungulia nyumba.

Ridhaa isomwe kwa Kiswahili chepesi, na kwa Kigogo, Kirangi au Kisandawe pale wazee wanapokihitaji. Asiyesoma aweke dole gumba mbele ya shahidi asiyehusika na utafiti. Mtoto anaombwa kwa mzazi, na mwenyewe akiwa na akili ya kuelewa, anaulizwa. Azimio la Helsinki la mwaka 1964 lilirekebishwa mwaka 2024 na sasa linawaita watu hawa washiriki. Kiswahili chetu kilikuwa kimeshafika hapo zamani.

Kuhusu damu, usijifanye hujui habari ya mumiani. Watu hawatakuuliza usoni, wataulizana jioni. Waonyeshe kichupa. Mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Mimina maji kwenye kijiko mbele ya mkutano. Sema itapimwa wapi, itakaa muda gani, itaharibiwaje. Kama sampuli itasafiri nje ya nchi, liseme hilo na uwe na mkataba wake. Mkojo hauna kelele nyingi, na kwa sumukuvu ni mzuri: unaonyesha kilicholiwa siku moja hadi tatu zilizopita. Damu inakumbuka miezi miwili mitatu, kwa sababu sumu imejishika kwenye protini yake. Chagua kulingana na swali.

Msimu nao ni sehemu ya kipimo. Mvua zetu huanza Desemba, mavuno ni Mei na Juni. Mahindi ya Juni na ya Februari kutoka kihenge hicho hicho si mahindi yale yale. Ukipima kijiji kimoja Juni na kingine Januari, umelinganisha misimu.

Kisha ile hesabu ya bakuli moja. Ukigawa vijiji na si watu, zidisha idadi ya washiriki kwa 1 + (m − 1) × r, ambapo m ni watu kwa kila kijiji na r ni kiasi wanavyofanana. Watu 20 kwa kijiji, r ikiwa 0.05, unapata 1.95. Ulihitaji watu 200, sasa unahitaji 390.

Amua mapema, kwa maandishi, utafanya nini ukikuta unga wenye sumu nyingi nyumbani kwa mtu. Kikomo chetu ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa jumla ya sumukuvu, na 5 kwa ile aina ya B1. Huwezi kuchukua mkojo wa mtoto, ukajua anakula mara ishirini ya hapo, ukaandika namba na kuondoka. Bajeti iwe na mahindi ya kubadilisha, na mwenye macho ya manjano apate nauli ya kufika hospitali siku ile ile. Mshiriki akilazwa au akifa, hata kwa ajali ya bodaboda, taarifa inakwenda kwa msimamizi na kamati mara moja.

Hatua ya 9: Sampuli na majibu

Kisanduku cha barafu, chupa yenye namba bila jina, friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri au zaidi siku hiyo hiyo. Weka sarafu juu ya kikombe cha barafu ndani ya friza. Jumatatu ukiikuta imezama chini, umeme ulikatika Jumamosi na barafu iliyeyuka, hata kama sasa kila kitu kimeganda vizuri. Gawa kila sampuli mara mbili na uweke nusu kwenye friza nyingine, jengo jingine.

Kurudisha majibu kufanyike Aprili, kabla ya mavuno, si baada ya kuhitimu. Nenda na turubai moja, uonyeshe namna ya kuanika mahindi bila kugusa udongo, na namna ya kuchambua punje zilizooza au kubadilika rangi. Jitayarishe kwa swali ambalo nimeulizwa kila kijiji nilichofika: hizo punje tulizochambua, tuwape kuku? Jibu ni hapana: kumbuka bata mzinga wa Hatua ya 2.